Mama Mjamzito Akipasuliwa Kichwa, Mtoto Naye Hulala?



Katika mkutano mmoja wa akina mama huko Likoni tulikuwa tumemaliza hesabu za mzunguko na chai imeshaletwa. Mama mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akaniuliza: "Mwalimu, mtu ana mimba na inabidi apasuliwe kichwa. Akipewa ile dawa ya usingizi, mtoto tumboni naye hulala? Na asipoamka je?" Wenzake walicheka kidogo, halafu wakanyamaza. Kumbe halikuwa swali la mchezo.

Wifi yake alikuwa na mimba ya miezi saba. Alianguka kutoka kwenye bodaboda, akainuka, akajipangusa mchanga, akarudi nyumbani na kupika kama kawaida. Usiku kichwa kikaanza kumuuma, akatapika. Kulipokucha akawa anasinzia na kusema maneno yasiyoeleweka. Hospitalini waliona kuna damu imevujia ndani ya fuvu, na kwamba lazima itolewe haraka. Familia ikakataa. Hawakukataa kwa ubaya, waliogopa kwamba usingizi utamwua mtoto. Wakasema tungoje kwanza mjomba afike. Mjomba alifika jioni, na upasuaji ukafanywa usiku.

Mama yu hai. Mtoto aliachwa tumboni, akazaliwa miezi yake ilipotimia, naye yu hai. Lakini mkono wa kulia wa mama haukurudia nguvu zake. Ndiye aliyekuwa akipika mahamri ya kuuza. Sasa binti yake ndiye anayekanda unga kabla ya kwenda shule.

Siku ile nilijibu nilivyoweza. Baadaye nilikwenda kuwauliza wauguzi na wataalamu wa usingizi, na haya ndiyo niliyoyapata. Yasomeni pamoja katika kikundi, kwa sauti.

KWA NINI MJAMZITO APASULIWE KICHWA?

Jambo hili halitokei mara kwa mara. Akina mama wengi wajawazito wanaoingia thieta huingia kwa sababu ya kujifungua. Lakini mimba haimkingi mtu na maradhi ya kichwa. Kuna ajali za barabarani, kuna kuanguka, na tuseme ukweli, kuna kipigo cha nyumbani. Kuna mshipa wa damu unaopasuka ghafla ndani ya ubongo. Kuna uvimbe ambao mtu alikuwa nao bila kujua, na aina nyingine za uvimbe hukua upesi zaidi wakati wa mimba. Hata wiki za kwanza baada ya kujifungua, damu inaweza kuganda katika mishipa ya kichwa.

Hapa tutenganishe mambo mawili. Mama mwenye mimba ya zaidi ya miezi mitano akipatwa na degedege, mara nyingi ni kifafa cha mimba, kinachotokana na presha. Si pepo, wala si jini. Dawa yake si kupasuliwa kichwa. Hupewa sindano ya magnesiamu, presha hushushwa, na mtoto huzalishwa. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa kwa akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33. Walioonekana kuwa na presha ya mimba na wakapewa magnesiamu, hatari yao ya kupata kifafa ilipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini presha hiyo ikiachwa ipande sana, inaweza kupasua mshipa wa ubongo, na hapo ndipo mambo mawili yanakuwa moja.

TULIKOTOKA

Wengine hudhani dawa ya usingizi ni jambo la Wazungu tu. Hebu sikilizeni. Mwaka 1879 daktari mmoja Mwingereza, Robert Felkin, alikuwa Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo. Huko alimwona mganga wa kienyeji akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo na kuliosha tumbo kwayo, kisha akakata. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Mama alipona, na mtoto alipona. Felkin aliyaandika hayo mwaka 1884.

Kwa hiyo babu zetu nao walijua kwamba mtu hawezi kukatwa huku anahisi kila kitu. Walitumia walichokuwa nacho. Ulaya na Marekani nako, kabla ya mwaka 1846, pombe na kushikwa kwa nguvu ndivyo vilivyotumika sana. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo, mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari, na mgonjwa akapasuliwa bila kupiga kelele. Miezi mitatu baadaye, Januari 1847, James Young Simpson wa Edinburgh alimpa etha mama aliye katika uchungu wa kuzaa.

Wapo waliopinga, wakasema Mungu ameagiza mwanamke azae kwa uchungu. Neno hilo bado nalisikia hata leo, misikitini na makanisani. Kwetu Wakatoliki, Papa Pio wa 12 alisema waziwazi mwaka 1956 kwamba kuzaa bila maumivu hakupingani na Maandiko, na mwaka 1957 akawaeleza madaktari kwamba kumpunguzia mgonjwa maumivu kwa dawa ni halali. Basi mama asione haya kulazwa usingizi.

ANAYELALA NA ANAYEKESHA

Watu wengi hufikiri mtaalamu wa usingizi hudunga sindano kisha akaenda zake kunywa chai. Sivyo. Huyo ndiye asiyeondoka. Daktari wa upasuaji hutazama anapokata, lakini wa usingizi humtazama mtu mzima. Hupima presha yake kila baada ya dakika chache. Hutazama kile kidude kinachobanwa kidoleni, ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa korona, kuona kama oksijeni inatosha. Humpumulia kwa bomba na mashine. Mama amelala, lakini yuko anayekesha kwa ajili yake.

Na kwa mjamzito kazi yake ni ngumu mara mbili, kwa sababu mwili wa mjamzito umebadilika:

Kwanza, tumbo. Mimba ikishakua, chakula na asidi hupanda kirahisi kutoka tumboni kuja kooni. Mtu akilala usingizi wa dawa hawezi kukohoa, kwa hiyo vitu hivyo huweza kuingia mapafuni. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza kwamba jambo hilo liliwapata akina mama 66 katika mimba 44,016 zilizohudumiwa katika hospitali moja. Ndiyo maana leo mama hupewa dawa ya kupunguza ukali wa asidi, na bomba huingizwa haraka kwenye koo la hewa ili kuziba njia.

Pili, pumzi. Mjamzito hutumia oksijeni nyingi zaidi, lakini akiba yake mapafuni ni ndogo kwa sababu mtoto amesukuma juu. Akikosa hewa, hubadilika rangi upesi kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo hupewa oksijeni safi kabla ya kulala.

Tatu, mshipa mkubwa. Baada ya miezi mitano, akilala chali, mfuko wa uzazi huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha huanguka, na mtoto hukosa damu. Kwa hiyo hata mezani huinamishwa kidogo upande wa kushoto.

KICHWA NI KAMA NAZI

Fuvu ni kama kifuu cha nazi, halipanuki. Ndani mna ubongo, damu na maji. Damu ikivuja au uvimbe ukikua, hakuna pa kwenda, na ubongo hubanwa. Kazi ya mtaalamu wa usingizi ni kuhakikisha ubongo haubanwi zaidi, na papo hapo damu ya kutosha inafika kwa mtoto.

Hapo ndipo penye mvutano. Presha ya mama ikipanda ghafla anapotiwa bomba kooni, mshipa uliopasuka utavuja zaidi. Ikishuka sana, ubongo na mtoto wote wawili watakosa damu. Ipo dawa inayovuta maji kutoka kwenye ubongo ili upungue uvimbe, lakini ikitiwa nyingi huweza kuvuta maji ya mtoto pia, kwa hiyo hupimwa kwa uangalifu. Kumpumulia mama kwa kasi nako hupunguza shinikizo la kichwa, lakini kukizidi hupunguza damu ya mfuko wa uzazi. Kila kitu ni kwa kipimo, kama chumvi kwenye mchuzi.

Sasa tujibu lile swali.

JE, MTOTO NAYE HULALA?

Ndiyo, hulala. Dawa nyingi za usingizi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, naye husinzia pamoja na mama. Mama anapoamka, mtoto naye huamka. Kama anazaliwa wakati huo huo, huweza kutoka mlegevu, hajalia. Ndiyo maana huwekwa mtu tayari wa kumpumulia mpaka dawa imtoke. Hata ile alama anayopewa mtoto mchanga dakika ya kwanza na ya tano, iitwayo Apgar, ilibuniwa na daktari wa usingizi, Virginia Apgar wa New York, aliyeitangaza mwaka 1953.

Je, dawa itamlemaza mtoto? Dawa za usingizi zinazotumika siku zote, kwa kipimo cha kawaida, hazijaonekana kuwasababishia watoto wa binadamu ulemavu wa kuzaliwa nao. Kinachomdhuru zaidi mtoto ni mama kukosa hewa, presha kuanguka, na ugonjwa wenyewe kuachwa. Hatari ya mimba kutoka au uchungu kuanza kabla ya wakati ipo, hilo tusilifiche. Lakini mtoto hana pumzi nyingine ila ya mama. Ukimwacha mama afe kwa kumhurumia mtoto, umewapoteza wote wawili. Kwa hiyo kanuni ya madaktari ni hii: mama kwanza.

Vivyo hivyo msikatae skeni ya kichwa. Miale yake huelekezwa kichwani, na inayofika tumboni ni kidogo mno.

ATAZALISHWA KWANZA AU KICHWA KWANZA?

Hutegemea umri wa mimba na hali ya mama. Mimba ikiwa changa, mtoto hawezi kuishi nje, kwa hiyo kichwa hupasuliwa na mimba huachwa iendelee. Ikiwa imefika wiki 34 hivi au zaidi, mara nyingi mtoto hutolewa kwanza kwa upasuaji, halafu kichwa hufuata katika usingizi ule ule mmoja. Katikati hapo, wataalamu wa uzazi, wa ubongo, wa watoto na wa usingizi hukaa pamoja na kuamua. Na kama ni uvimbe usio na haraka, huweza kungoja mpaka mama ajifungue.

Hapa huja swali jingine: "Mbona mwenzangu alidungwa sindano ya mgongo tu, na wifi yangu akalazwa kabisa?" Kwa upasuaji wa kawaida wa kujifungua, sindano ya mgongo ndiyo hupendelewa, kwa kuwa mama yuko macho, anajipumulia mwenyewe, na mtoto hapati dawa nyingi. Haipoozeshi miguu isipokuwa kwa saa chache. Lakini maji ya mgongoni na ya kichwani ni maji mamoja. Kama kichwani mna shinikizo kubwa, ukitoboa chini ubongo unaweza kuvutwa kuelekea chini, na hilo huua. Kwa mama kama huyo, usingizi kamili mara nyingi ndio wenye usalama zaidi.

Neno kwa waliokwisha kudungwa mgongoni: kichwa kinaweza kuuma siku za kwanza, zaidi ukikaa au ukisimama, na ukilala hupoa. Mwambie muuguzi, ipo tiba. Lakini kikiuma hata ukiwa umelala, kikizidi siku hadi siku, au ukapatwa na degedege au kuona ukungu, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

TUSIDANGANYANE

Hatari ipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 kutoka nchi 22 za Afrika ulionyesha kuwa kati ya akina mama 1,000 waliojifungua kwa upasuaji, watano hivi walifariki. Idadi hiyo ni karibu mara 50 ya ile ya nchi tajiri. Kutokwa na damu nyingi na matatizo ya dawa ya usingizi ni kati ya mambo yaliyoandamana na vifo hivyo. Wataalamu wetu ni wachache na wagonjwa wengi. Basi tuna haki ya kudai wataalamu zaidi na vifaa zaidi kutoka kwa serikali ya kaunti. Lakini mgonjwa akiwa mlangoni, adui wa karibu zaidi ni saa zinazopotea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa huumiza ubongo.

WAJIBU WA KIKUNDI

1. Zijueni dalili. Mjamzito aliyeumia kichwa apelekwe hospitali hata kama ameinuka na kutembea. Msingoje kabisa mkiona amezimia japo kidogo, anatapika, anasinzia, anaongea ovyo, upande mmoja umelegea, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, au damu au maji yanatoka puani na masikioni. Pia asiyeumia lakini amepatwa na degedege, au maumivu ya ghafla ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata.

2. Msimpe kitu mdomoni. Si uji, si chai, si dawa ya miti, si vidonge vya dukani. Kama alikwisha kula au kunywa kitu, semeni ni nini na saa ngapi. Akina mavyaa hulisha kwa upendo, halafu wakiulizwa husema hajala, wakiogopa kugombezwa. Mficha uchi hazai. Mtaalamu wa usingizi akijua ukweli, atajikinga nao.

3. Mbebeni vizuri. Asipakiwe kwenye bodaboda. Kama ameanguka au amegongwa, shingo isigeuzwe. Mlazeni juu ya ubao au mlango, kisha ubao mzima uinuliwe kidogo upande wake wa kulia, ili aegemee kushoto. Akiwa na degedege bila kuumia, mlazeni kwa ubavu wa kushoto na msimtie kijiko mdomoni.

4. Pangeni njia kabla. Sisi wa bara tumetenganishwa na kisiwa kwa maji. Kisauni huvuka Daraja la Nyali, Changamwe hupita Makupa, na wengi wa Likoni huvuka kwa feri. Andikeni namba za madereva wawili wenye gari ambao hata saa nane za usiku wataamka. Hospitali za Likoni na Port Reitz ziko karibu, na zinaweza kumpima, kumpa oksijeni na kumpigia simu anayempokea. Lakini mwenye jeraha la kichwa huenda akahitaji Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani, ambayo wengi bado huiita Makadara. Ulizeni mapema kama atapelekwa huko kwa ambulensi.

5. Sahihi isingoje mjomba. Mwanamke mtu mzima mwenye fahamu ana haki ya kukubali tiba mwenyewe. Akiwa hana fahamu na maisha yake yako hatarini, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawaruhusu madaktari kumtibu ili kumwokoa, isipokuwa kama mwenyewe alikwisha kukataa. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Mume na mke wayazungumze haya mapema, hasa mume anayefanya kazi melini au mbali.

6. Fedha na damu. Tengeni mfuko wa dharura katika chama, usioguswa kwa harusi wala karo. Kila mwanachama ajiandikishe SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wekeni pia orodha ya watu watano wenye afya, uzito usiopungua kilo 50, walio tayari kutoa damu.

7. Kitabu cha kliniki kiandamane na mama. Humo mna umri wa mimba, presha na kundi la damu. Ongezeni dawa anazotumia, za hospitali na za kienyeji, na kama yeye au ndugu yake aliwahi kupata shida na dawa ya usingizi.

8. Baada ya upasuaji. Mama akiamka vizuri na akiweza kumshika mtoto, kwa kawaida huweza kunyonyesha, lakini amuulize daktari kuhusu dawa anazopewa. Udhaifu wa mkono au mguu huhitaji mazoezi ya miezi mingi. Msimwache peke yake na ndoo na kuni.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

• Mjamzito wa hapa kwetu akiumia kichwa usiku wa leo, nani atapigiwa simu kwanza? Mwenye gari ni nani?

• Katika familia zetu, nani huamua kama mama atapasuliwa? Na akiwa hayupo?

• Ni maneno gani tumesikia kuhusu sindano ya usingizi? Lipi ni kweli na lipi ni hofu tu?

• Mfuko wetu wa dharura una kiasi gani leo? Mweka hazina asome.

Yule mama wa Likoni aliniuliza tena, tulipokutana baada ya miezi kadhaa, kwa nini hakuna aliyewaambia haya kabla. Sikuwa na jibu zuri. Ndiyo maana nimeyaandika. Kikundi chake sasa kina madereva wawili kwenye orodha, na majina manne ya watoa damu. Wanamtafuta wa tano.